PAC haishiki? Angalia vishada vimepotelea wapi kabla ya kuongeza dozi

"Fundi, dawa haishiki."

Simu ya namna hii huingia karibu kila wiki, na mara nyingi huingia saa kumi jioni, opereta wa zamu ameshachoka na maji kwenye tangi la kutuamisha bado ni kama chai ya maziwa. Mimi huuliza swali moja tu: pH (kipimo cha uasidi wa maji) ni ngapi? Aghalabu napata kimya, halafu sauti inasema: "Hatujapima, ila dozi tumeshaiongeza mara mbili."

Mwongozo huu ni wa saa kumi jioni hiyo. Unawahusu wenye mitambo midogo ya majitaka: dobi za hoteli, vituo vya kuoshea magari, machinjio, karakana za batiki, viwanda vya nguo. Wote hao hutumia PAC, yaani polialuminiamu kloraidi, ule unga wa njano au mweupe wa mifuko ya kilo 25. Nimepanga kwa dalili, na ndani ya kila dalili nimeanza na sababu inayojirudia sana. Usiruke hatua. Sababu ya kwanza ndiyo ya kwanza kwa sababu nimeikuta mara nyingi kuliko zinazofuata.

Kwanza, kilichomo ndani ya mfuko

PAC nzuri ina vishada vya oksidi ya alumini. Kishada kinachofahamika zaidi kina atomi 13 za alumini: moja iko katikati, imeshikwa na oksijeni nne, na 12 zilizobaki zimeizunguka. Kishada chote kina chaji chanya 7. Umbo hilo huitwa umbo la Keggin, kwa jina la J. F. Keggin, aliyelibainisha mwaka 1933 kwenye kemikali nyingine kabisa, ya tungsteni na fosforasi.

Kwa nini opereta ajue habari hii? Kwa sababu uchafu mwingi ulio kwenye majitaka una chaji hasi. Chembe zake husukumana, ndiyo maana zinaelea siku nzima bila kutua. Kishada chenye chaji 7 kikiingia katikati yao, msukumano unakwisha, chembe zinakamatana na madonge yanaanza. Shabu ya kawaida (alum, yaani salfeti ya alumini) nayo hugandisha, lakini vishada vyake hujiunda ndani ya majitaka yenyewe, na hula alkali nyingi ya maji katika kazi hiyo: kila miligramu moja ya shabu hula nusu miligramu hivi ya alkali, ukihesabu kama kalsiamu kaboneti. Vishada vya PAC vimeshaundwa kiwandani. Unalipia vishada.

Basi dawa isiposhika, usiulize "niongeze kiasi gani?" Uliza vishada vimekwenda wapi. Ama havikufika, ama vilivunjika njiani, ama vimekutana na uchafu usiovijali, ama vimekuwa vingi kupita kiasi.

Jaribio la chupa

Karibu kila dalili hapa chini itakurudisha kwenye jaribio hili, kwa hiyo lijue kabla hujaharibikiwa. Tafuta mitungi sita ya lita moja inayoonyesha ndani, sirinji, mizani ndogo, saa, na kipimo cha pH (karatasi zinatosha kwa kuanzia).

Yeyusha gramu 10 za PAC kwenye maji safi mpaka ijae lita moja. Sasa kila mililita moja ya myeyuko ukiiweka kwenye lita moja ya majitaka ni dozi ya 10 mg/l (miligramu 10 kwa lita). Weka mililita 5, 10, 15, 20, 30 na 40 kwenye mitungi sita. Koroga kwa kasi dakika moja, koroga polepole dakika 15, kisha acha vitulie nusu saa. Pima pH ya kila mtungi mwishoni. Chagua dozi ndogo kuliko zote iliyotoa maji maangavu; usichague iliyotoa madonge makubwa ya kupendeza.

Myeyuko huo ni wa siku hiyohiyo tu, kesho umwage. Sababu utaikuta hapa chini.

Dalili ya kwanza: maji hayabadiliki kabisa

Sababu inayoongoza inaudhi kuisema: dawa haifiki. Pampu ya dozi inalia tiki-tiki, taa inawaka, lakini haivuti kitu. Imenasa hewa, au chujio la mdomoni limezibwa na unga ambao haukuyeyuka. Usiamini mlio. Toa mpira wa kuvutia kwenye jaba, utumbukize kwenye silinda yenye vipimo, hesabu dakika moja, soma umevuta mililita ngapi. Kisha linganisha na hesabu. Mfano: maji ni mita za ujazo 5 kwa saa na dozi ni 200 mg/l. Hiyo ni gramu 1,000 za unga kwa saa. Kama umeyeyusha kilo 10 kwenye jaba mpaka likajaa lita 100, unahitaji lita 10 kwa saa, yaani mililita 167 hivi kwa dakika. Silinda ikionyesha 40, tatizo umelipata na hakuna haja ya kumpigia mtu simu.

Kama dozi inafika, pima pH ya maji baada ya dawa kuingia. PAC hufanya kazi vizuri kati ya 6 na 8. Maji ya karakana ya rangi yakitoka kwenye pipa la magadi huweza kufika na pH 10 au 11, na hapo alumini huyeyuka upya, haishiki chochote, na inatoka pamoja na maji. Umemwaga dawa mtoni. Suluhisho la kwanza halihitaji kemikali: jenga tangi la kusawazisha, maji ya asubuhi na ya jioni yachanganyike kabla hayajafika kwenye dozi. Nimeona pH ikishuka kutoka 10 hadi 8 kwa kuchanganya tu maji ya kusuuzia na maji ya pipa. Isiposhuka ndipo unatumia asidi kidogokidogo, na siku zote asidi inaingia kwenye maji, si maji kwenye asidi.

Onyo: kama majitaka yako yana salfaidi (maji ya kunyonyolea ngozi yanayo, na hata tangi lililokaa siku nyingi bila hewa linayo), usiyatie asidi wala PAC kabla mtaalamu hajayaona. pH ikishuka hutoka gesi ya salfaidi hidrojeni. Hunuka yai viza, kisha ikizidi pua haiisikii tena, na mtu hudhani imeisha.

Sababu ya tatu ni myeyuko uliochacha. PAC ikiwa nzito hukaa, lakini ukishaizimua sana kwa maji, vishada vinaanza kuvunjika na kugeuka utelezi mweupe usio na nguvu. Yeyusha kwa asilimia 5 hadi 10, tengeneza ya siku moja, mbili zikizidi sana. Kuna wanaotengeneza jaba la asilimia 1 siku ya Jumatatu litumike mpaka Jumamosi. Alhamisi wanaanza kulaumu muuzaji.

Muuzaji naye huweza kuwa na kosa, lakini namweka wa nne. Soma lebo: unga wa kawaida una alumina (oksidi ya alumini) asilimia 28 hadi 30, na kuna asilimia ya ubesi, ambayo hukuambia kwa mbali vishada vimeundwa kwa kiasi gani. Mfuko usio na tarakimu hizo mbili mimi siununui hata kwa nusu bei.

Dalili ya pili: ilikuwa inashika, ukaongeza dozi, mawingu yakarudi

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu dawa yake ni kupunguza gharama.

Uchafu ulikuwa na chaji hasi, ukatia vishada chanya, chaji zikafutana, ukashika. Ukaendelea kutia. Sasa kila chembe imevaa vishada mpaka nayo imekuwa chanya, na chanya kwa chanya husukumana vilevile kama hasi kwa hasi. Maji yanarudi kuwa maziwa. Opereta akiona maziwa anaongeza tena.

Kipimo chake ni rahisi: chukua majitaka ghafi, fanya jaribio la chupa, lakini jumuisha nusu na robo ya dozi unayotumia sasa. Mtungi wa nusu ukiwa mwangavu kuliko wa dozi kamili, jibu unalo. Kwenye dobi moja nilikuta kitufe cha pampu kimegeuzwa mpaka mwisho na kufungwa kwa selotepu, asije mtu "akakiharibu". Kisa chake kilikuwa Jumapili: wageni wachache, maji nusu, pampu ileile. Ikazidisha dozi, maji yakawa meupe, mtu akaongeza, na selotepu ikawekwa Jumatatu. Tulishusha mpaka theluthi na maji yakakaa sawa jioni hiyohiyo.

Dozi lazima ifuate maji. Kama huna kifaa cha kuunganisha pampu na mita ya maji, basi washa pampu ya dozi pamoja na pampu ya majitaka kwenye swichi moja. Fundi umeme huimaliza kwa nusu saa.

Angalia pia pH. PAC ni ya asidi, na dozi kubwa kwenye maji yasiyo na alkali huweza kuishusha chini ya 6. Dalili inafanana, lakini hapa mtungi wa nusu dozi hautoshi kukwambia. Karatasi ya pH ndiyo inayoamua.

Dalili ya tatu: madonge ni madogo kama vumbi, hayatui

Vishada vimefanya kazi yake, mkorogo ndio umekosea. Madonge hutaka vitu viwili vinavyopingana: kasi kubwa kwa muda mfupi ili dawa ienee, halafu upole wa muda mrefu ili chembe zikutane bila kuvunjana. Mitambo mingi midogo ina kasi peke yake.

Tafuta kwanza pampu. Je, baada ya dawa kuingia maji yanapita kwenye pampu ya mapanga? Basi hapo ndipo madonge yanaposagwa, na donge la PAC likishasagwa halirudi kwa urahisi. Hamishia dozi baada ya pampu hiyo, au ondoa pampu uache maji yashuke yenyewe. Ukiwa na nafasi, jenga njia ya maji yenye kuta za kupindapinda, ambayo haihitaji umeme.

Ikiwa mkorogo ni mzuri na bado ni vumbi, ndipo polima (dawa ya molekuli ndefu inayounganisha madonge) inapoingia, ile yenye chaji hasi, 0.5 hadi 2 mg/l. Itie baada ya PAC, angalau dakika moja baadaye, na kamwe si kwenye jaba moja. Ikizidi, maji yanakuwa na utelezi na vichujio vinaziba. Maji ya baridi nayo hutua polepole. Jambo hilo wa Dar es Salaam hawalijui, wa Njombe wanalijua.

Dalili ya nne: madonge yapo, ila yanaelea juu

Chota maji yenye madonge kutoka kwenye tangi, yaweke kwenye mtungi, ngoja nusu saa.

Yakielea hata mtungini, yamebeba kitu chepesi. Kwa waosha magari na machinjio ni mafuta. Fungua mtego wa mafuta. Ukiukuta umejaa mpaka juu, ndio, ni huo. Mafuta yaliyochanganyika na sabuni ni mabaya zaidi, hayaelei yenyewe na hula dawa nyingi. Hapo badilisha sabuni kabla hujabadilisha dawa. Povu nalo huingiza hewa ndani ya donge, hasa maji yakianguka kutoka juu kwenye tangi la mkorogo.

Yakizama mtungini lakini yanaelea tangini, angalia chini ya tangi. Tope lililokaa siku nyingi kwenye joto la pwani huoza, linatoa vipovu, na vipovu vinanyanyua madonge. Utaona mabaki meusi yakiibuka kuanzia adhuhuri jua likishapasha maji. Toa tope kila siku, au kila zamu.

Onyo: tope lililooza halitolewi kwa mtu kushuka na ndoo. Shimo au tangi lililofunikwa linaweza kuwa na gesi inayoua kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza huwa wa pili. Tumia pampu ya tope ukiwa juu. Kama lazima mtu aingie, hiyo ni kazi ya watu wenye kipimo cha gesi, feni, mkanda na kamba. Simama, waite.

Dalili ya tano: maji yameangaza, rangi imebaki

Unamwaga maji kwenye glasi, unaona mpaka upande wa pili, lakini ni mekundu kama juisi ya rosela. Hapa hakuna kilichoharibika. Vishada vimekutana na uchafu usiokamatika.

Rangi za nguo si kitu kimoja. Indigo, rangi za salfa na zile za poliesta huwa ndani ya maji kama chembe, na PAC huzikamata vizuri. Rangi zinazojifunga kwenye pamba kwa chumvi na magadi, ambazo watu wa batiki wanazitumia sana, huyeyuka kabisa. Zile ambazo hazikujifunga kwenye kitambaa zinabaki kwenye maji, na PAC peke yake huondoa sehemu tu. Ukizidisha dozi unapata tope jingi la waridi na maji bado ya waridi.

Anza kwenye pipa, usianzie kwenye mtambo. Maji ya kwanza ya kutolea rangi ni machache na mazito. Maji ya kusuuza ni mengi na mepesi. Yatenganishe. Kutibu pipa moja zito ni rahisi kuliko kutibu mapipa ishirini yaliyochanganywa. Kisha jaribu kwenye chupa polima yenye chaji chanya pamoja na PAC; rangi hizi ni hasi, na polima hiyo huzishika pale ambapo PAC imeshindwa. Mwisho ni kaboni amilifu, yaani mkaa maalumu wa kunasa rangi, kwenye maji yaliyokwisha angaa tu, la sivyo itazibwa na matope ndani ya siku chache.

Kuna vishada vingine utavisoma kwenye makala za utafiti, vya tungsteni na molibdeni, vinavyovunja rangi kwa msaada wa mwanga. Ni jamaa wa kweli wa vishada vya PAC, umbo ni lilelile la Keggin, ila chaji yao ni hasi na huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo lazima vigandishwe juu ya kitu kigumu, kama titania (oksidi ya titani), la sivyo tungsteni yako ya bei inakwenda na mfereji. Aliyekuletea tangazo la kifaa cha namna hiyo mwombe akijaribu kwa maji yako, si kwa maji ya maabara yenye rangi moja safi.

Na tukiwa hapa: maji maangavu si lazima yawe masafi. Chumvi, sukari, amonia na urea hupita katikati ya vishada bila kuguswa. Tanzania na Kenya zote zinataka maji yanayokwenda mtoni yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5 na BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji ili kuozesha uchafu wa maji) isiyozidi 30 mg/l, na BOD haionekani kwa macho. Peleka sampuli maabara.

Onyo: maji ya njano yanayotoka kwenye kazi ya kupaka kromu kwa umeme si suala la rangi. Kromu ya aina ile ni sumu na husababisha saratani, na PAC haiitoi mpaka ibadilishwe kwanza kwa kemikali kwenye asidi kali. Kazi hiyo hiyo huweza kuwa na sayanaidi kwenye bomba la jirani, na sayanaidi ikikutana na asidi ni mauti. Usijaribu lolote kwenye chupa. Ita mhandisi wa kemikali.

Dalili ya sita: bomba la dawa limeziba kwa gundi nyeupe

Mahali fulani PAC imekutana na kitu kisichotakiwa kabla ya kufika kwenye majitaka. Mara nyingi ni chokaa au soda kostiki iliyotiwa kwenye jaba moja "ili kusawazisha pH mapema". Mara nyingine ni shabu iliyobaki, mtu akaona aimalizie humohumo; salfeti yake huangusha vishada chini. Kila kemikali iwe na jaba lake, bomba lake na kijiko chake. Mabomba yawe ya plastiki, maana PAC hula chuma, hata kile kisichoshika kutu.

Zibua kwa maji safi, na sehemu zisizozibuka zibadilishe, mpira haugharimu kitu.

Onyo: usizibue kwa dawa ya klorini, wala usimimine klorini kwenye jaba lililokuwa na PAC. Asidi ya PAC hufukuza gesi ya klorini hapohapo. Japani ajali hizi zimetokea kwenye mabwawa ya kuogelea, kwa kosa la kujaza jaba lisilo lake tu. Ukiona moshi wa kijani-manjano au harufu kali ya kuchoma koo, usitafute valvu. Ondoka upande upepo unakotoka, toa watu wote, ita zimamoto.

Ukiamua kuita mtaalamu

Ita pia kama samaki wamekufa chini ya mfereji wako, au kama hujui pa kupeleka tope. Tope la rangi na la metali haliendi shambani, hata jirani akiliomba. Waulize NEMC (wasimamizi wa mazingira Tanzania) na bodi ya maji ya bonde lako, au NEMA, wenzao wa Kenya, ukiwa huko.

Mtaalamu asije kukuta mikono mitupu. Mwekee lita mbili za majitaka ghafi zilizochotwa siku hiyo, lita mbili za maji yaliyotoka, picha ya lebo ya mfuko, namba ya silinda kwa dakika moja, na pH ya kabla na baada ya dawa. Na kitufe cha pampu ukiache palepale kilipokuwa, hata kama unaona aibu.